Kibali cha Kuni katika Bustani ya Mivinje

Kuna nchi inaitwa Jamhuri ya Shwari. Msihangaike kuitafuta kwenye ramani: ramani zetu ni siri ya jeshi, na za wageni tumezikana. Mimi nimezaliwa huko, nimesoma huko, na kwa miaka kumi na tisa nimekuwa Karani wa Miti, Daraja la Tatu, katika Idara ya Vivuli ya Wizara ya Hewa Safi. Nataja cheo mapema ili mjue kwamba anayewasimulia si mpiga soga wa barazani. Nina mhuri wa ofisi na kiti chenye mto.

Idara yetu inatunza Bustani ya Mivinje, ule msitu ulioshika ufuko wote wa mji mkuu, toka bandari ya zamani mpaka kwenye nyumba za mabalozi. Wageni wakiuliza historia yake huwa nawapa kijikaratasi. Nyinyi nitawaeleza kwa mdomo, kwa sababu kijikaratasi kimepunguzwa.

Mivinje ile ilipandwa na Gavana wa kigeni, enzi zile, kwa kuwa mchanga wa pwani ulikuwa unamwingia kwenye chai. Akaamrisha miti elfu tatu, akaweka viti ishirini vya chuma, na getini akatundika kibao: WENYEJI NA MBUZI MARUFUKU. Tulipopata uhuru kibao kile kiling'olewa kwa ngoma na vigelegele. Likawekwa bango jipya: WANANCHI WOTE MNAKARIBISHWA, ISIPOKUWA BUSTANI IKIWA IMEFUNGWA. Kufunga na kufungua ilikuwa kazi ya Wizara, na Wizara ilikuwa na shughuli nyingi. Mbuzi hawakutajwa kwenye bango jipya, kwa hiyo wao waliuonja uhuru kabla yetu.

Lakini nisiwe mwizi wa fadhila. Kuna miaka kadhaa geti lilisahauliwa wazi, na hiyo ndiyo miaka mizuri. Siku ya Idi mji mzima ulihamia pale na mikeka yake. Ubuyu, mihogo ya kuchoma, bembea za kamba, mabwana harusi wakipigwa picha wamekakamaa kama wanaopimwa urefu. Mimi mwenyewe nilijifunzia baiskeli humo nikavunja jino. Upepo ukipita kwenye mivinje hutoa sauti ya kunong'ona, na watu walikuwa wanawaleta wagonjwa wao waliokosa usingizi, wakawalaza kivulini, na wagonjwa wakalala.

Halafu ukaja Mwaka wa Masahihisho. Rais wetu wa Kwanza aligundua kwamba taifa lina makosa. Si kwamba watu walikuwa wamekosea, la. Watu wenyewe ndio waliokuwa makosa, na makosa husahihishwa. Wakasahihishwa walimu, wapiga chapa, makuli wa bandarini, na fundi cherehani mmoja aliyeshona suti ya Rais ikambana kwapani. Bustani ikafungwa miezi tisa ili miti ipumzike. Malori yaliingia mchana kweupe, maana serikali yetu haina la kuficha. Yaliingia yamejaa, yakatoka matupu, na gazeti la Chama likaandika kuwa bustani inapelekewa mbolea. Nilikuwa na miaka kumi na mmoja. Nilikata habari ile nikaibandika kwenye daftari langu la sayansi.

Na kweli, baada ya hapo mivinje ilinenepa ajabu.

*

Ikapita miaka thelathini na minne. Rais wa sasa, ambaye ni mtoto wa yule wa Kwanza kwa kubahatika tu, alialikwa nchi za mbali akaiona bustani moja imepangwa mistari. Aliporudi hakulala vizuri. Wiki ile ile ukatangazwa Mradi wa Kuhuisha Bustani ya Mivinje, na Mkurugenzi wetu wa Vivuli, Bwana Shekue, akatukusanya watumishi wote chini ya bendera.

"Ndugu watumishi," alisema, "msitu ni miti isiyo na nidhamu. Bustani ni miti iliyokubali. Kuanzia leo kila mti utakuwa na namba, faili na msimamo."

Tulipiga makofi dakika nne, kwa mujibu wa waraka. Mwezi mzima nikazunguka na futi kamba shingoni, naandika urefu, unene na mwelekeo. Mti usio na faili ulikatwa, na faili lisilo na mti lilitafutiwa mti. Nilifanya kazi ile kwa moyo mmoja, sitaki kujisifu, hata faili za vichaka niliziwekea majalada.

Katikati ya bustani ikaamuliwa kuwe na chemchemi ya kurusha maji yenye midomo kumi na minne, mmoja kwa kila sifa njema ya Rais. Mchoro wa kwanza ulikuwa na midomo kumi, sifa nyingine zikaendelea kugunduliwa. Akaletwa dereva wa katapila, Chande, kijana mtulivu wa mtaa wa Forodha ya Chini, achimbe shimo. Alichimba asubuhi moja tu. Kabla ya saa nne alizima injini, akashuka, akavua kofia yake ya chuma.

Mkurugenzi akamjia juu. "Mbona umezima?"

"Mzee, hapa pana watu."

"Watu gani? Bustani imefungwa."

"Wa chini, mzee."

Bwana Shekue aliinama akatazama shimoni, nami nikainama nyuma yake nikatazama. Nilichokiona nitakitaja kwa jina lake rasmi hivi punde. Chande alipelekwa hospitali ya macho, akakaa wiki tatu. Alirudi na miwani myeusi na anakubali kabisa kuwa ile ni mizizi. Ukimwuliza saa ngapi, anakujibu kuwa ni mizizi.

Iliundwa Tume ya Wataalamu chini ya Profesa Mwinyikondo, bingwa wa mwani. Taarifa yake ina kurasa arobaini na picha moja ya Profesa. Inaeleza kwamba mizizi ya mvinje, ikikulia kwenye mchanga wa chumvi, huweza kufanya mafundo kama ya magoti, matawi matano matano kama ya viganja, na kwa nadra sana, meno. Mzizi mmoja ulikutwa na kipande cha chuma kilichokazwa kwa skrubu nne, na hilo nalo Profesa alilieleza: ni madini ya asili yaliyojikunja. Tukakatazwa kutumia jina jingine lolote. Mizizi ikapangwa kwenye mashubaka ya banda nyuma ya ofisi yangu, na nikaipa namba mimi mwenyewe kwa rangi nyekundu, moja mpaka mia tatu na kumi na tatu. Ule wenye chuma ulikuwa namba themanini na nane.

*

Jumatatu iliyofuata akaja dirishani Bi Somoe. Nilimjua, nani hamjui? Ndiye mshona kofia wa Forodha ya Chini, ana miaka sabini na ushee, na vile vishimo vya sindano vya kofia zake ni vidogo hata chungu anapita kwa kujibana. Alikuwa amevaa baibui la kutokea, limepigwa pasi.

"Shikamoo, bibi."

"Marahaba, mwanangu. Nimekuja kumchukua Vuai."

Nikafungua rejesta. "Vuai, Vuai... Hatuna mti wa jina hilo."

"Si mti. Ni mume wangu. Alikuwa mtunza bustani humu humu, kabla hujapata hicho kiti." Akainama akajigusa mguu wa kulia, chini ya goti. "Hapa ana chuma. Alianguka mnazini, daktari akamtia chuma na skrubu nne, nikamuuguza miezi mitano. Mke wa Chande kanambia mmekiona."

Habari za Vuai nilizisikia udogoni, ingawa si rasmi. Bustani ilipofungwa kwa Masahihisho, watunza bustani waliambiwa wabaki majumbani. Vuai akasema miche yake itakufa na kiu. Akaingia na ndoo yake kama siku zote, akaona malori yanashusha nini, na hakutoka. Bi Somoe alipokwenda kuuliza, alipewa barua kwamba mumewe amesafiri.

"Bibi," nikamwambia kwa upole wa kiofisi, "kile ulichosikia ni mzizi namba themanini na nane."

"Haya. Nipe themanini na nane nikamzike."

"Mizizi haizikwi, bibi. Ilikuwa imezikwa, sisi ndio tumeitoa."

"Walifukiwa, mwanangu. Kuzika ni kitu kingine. Mtu huoshwa, akavishwa sanda, akaswaliwa, akapelekwa na watu wake wanamlilia. Miaka thelathini na minne sijakaa eda. Ningekaaje, na karatasi yenu inasema kasafiri? Kila sikukuu napika sahani yake. Mimi sina muda mwingi tena, nasikia kifua. Sitaki kingine duniani, nataka nimzike Vuai kabla sijazikwa mimi." Alisema hayo bila kupaza sauti.

Nikamweleza utaratibu, maana utaratibu ndio unaotutofautisha na wanyama. Vitu vinavyoruhusiwa kutoka bustanini ni vinne: majani makavu, asali, mbegu na kuni. Mizizi iko chini ya kuni. Kama anaitaka themanini na nane, ajaze Fomu ya Kibali cha Kuni.

Alinitazama hata nikaona haya, nami si mtu wa kuona haya nikiwa kazini.

"Nikitia dole hapo, nimesema Vuai ni kuni?"

"Ni lugha ya ofisi tu, bibi."

"Lugha ya ofisi ndiyo iliyomsafirisha." Akavuta pumzi. "Basi andika jina lake. Dole langu litakaa chini ya jina lake, halikai chini ya neno lako hilo."

Mahali penye Aina ya Mti nikaandika: Vuai Makungu wa Forodha ya Chini. Hakuna kanuni inayokataza. Akatia dole, akakifuta kidole kwenye leso yake, akaikunja leso kwa ndani.

Upande wa nyuma wa fomu kuna masharti, kwa herufi ndogo. Hajui kusoma, na mimi sikumsomea. Nilijua yameandikwa nini. Naona aibu kusema, lakini nilijua, na nikapiga mhuri.

*

Mkurugenzi Shekue alifurahi mno. "Mwananchi wa kwanza kunufaika na bustani mpya!" akasema, akaamuru jambo liandikwe gazetini. Kisha akageuza fomu, maana yeye husoma nyuma. "Karani, sharti la kumi na nne. Kuni zichomwe ndani ya siku saba, mbele ya ofisa, na sampuli ya majivu iletwe. Utakwenda wewe."

Jumatano alasiri, Bi Somoe akiwa amekwisha kabidhiwa themanini na nane, nikaenda Forodha ya Chini na jalada kwapani na kopo la majivu mkononi. Nilisikia harufu ya wali kabla sijafika. Uani kwa Bi Somoe wanawake walikuwa wameinamia sufuria kubwa juu ya mafiga, na upande wa pili palikuwa na jeneza la msikiti limefunikwa nguo ya kijani. Wanaume walikuwa wamekwisha panga safu. Maalim Kheri, imamu wa mtaa, alikuwa amesimama mbele. Niliuliza kama nimekosea nyumba, kwa matumaini.

"Hujakosea," alisema Bi Somoe. "Karibu."

Nikafungua jalada nikasoma sharti la kumi na nne kwa sauti, kwa sababu sheria husomwa kwa sauti. Nilipomaliza hakuna aliyenitukana. Ningependa wangenitukana. Mwanamke mmoja tu aliguna "Astaghafirullahi" akageukia ukutani.

Bi Somoe akaenda kwenye mafiga, akachukua kiberiti, akaja akakiweka kwenye kiganja changu, akanifumba vidole kwa mkono wake.

"Karatasi ni yako," akasema, "na moto uwe wako. Washa wewe."

Nilikitikisa kile kiberiti. Kilikuwa kimejaa. Nikalitazama jeneza, nikawatazama watu, na wallahi katika miaka yangu yote ya utumishi sijawahi kutamani kukosa cheo kama siku ile.

"Bwana karani," akaniita Maalim Kheri, bila ukali. "Una udhu?"

"Ninao."

"Basi weka hilo kopo chini, uingie safuni. Tumalize kwanza lililotukusanya. La moto tutalizungumza baadaye."

Niliingia safuni. Swala ya maiti haina kurukuu wala kusujudu, ni kusimama tu na takbira nne, haichukui muda. Tulipotoa salamu nilikuwa nalia, na huyo Vuai hata simjui. Tukamchukua mpaka makaburini. Alikuwa mwepesi, ungedhani tumebeba kapu la nguo zilizokauka. La moto halikuzungumzwa.

Tuliporudi, jirani mmoja akachota majivu chini ya sufuria ya wali akanijazia kopo pomoni. Usiku haujaingia nikawa nimekwisha andika ripoti: "Kuni zimeungua vizuri. Majivu ni meupe, laini na mengi." Ule ndio uongo wangu wa kwanza kazini, na nikauwekea sifa tatu kwa kutaka upendeze.

Maalim Kheri alimwambia Bi Somoe kwamba kwa sheria eda yake ilikwisha zamani, tangu mwaka ule alipofariki mumewe. "Ya sheria imekwisha," akamjibu. "Yangu naanza leo." Akavaa nyeupe, akashusha pazia la chumba chake, akatulia. Jirani mwanamke aliyenisimulia alisema hajapata kumwona mwanamke mwenye furaha kiasi kile ndani ya eda.

*

Siri ya watu wengi haikai. Alhamisi asubuhi nilikuta foleni toka dirishani mpaka barabarani: wanawake watupu, na wazee wachache wenye bakora. Mji wetu umekwisha hamia gesi, hata mkaa hawautaki tena, lakini siku ile kila mtu alikuwa na shida ya kuni. Ijumaa foleni ikapinda kona. Kufikia Jumamosi nilikuwa na fomu mia nne na sita, na mizizi bandani ni mia tatu na kumi na miwili. Nikamwarifu Mkurugenzi kuwa tuna upungufu. Akasema tusiwe na wasiwasi, shimo lililochimbwa lilikuwa dogo.

Lakini hakuwa ananisikiliza. Mbele yake palikuwa na ripoti yangu na kopo langu, na kidole chake kilikuwa ndani ya kopo.

Hapa inabidi niwaeleze desturi yetu moja. Katika Jamhuri ya Shwari, mkubwa akija, miti hupakwa chokaa toka chini mpaka kiunoni. Sijui nani alianza. Mti usio na chokaa humtia kiongozi mashaka, huona kama mtu aliyekuja mkutanoni bila viatu. Na zilikuwa zimebaki siku kumi tu ufanyike Mkutano wa Marais wa Nchi Tulivu, ndani ya bustani, miti elfu tatu imesimama mitupu, na meli ya chokaa imekwama bandari ya jirani.

"Meupe, laini na mengi," akasoma Bwana Shekue, huku akilisugua jivu baina ya vidole. Macho yalimlegea kwa furaha. "Karani, umeiokoa Idara. Kule mwisho wa ufuko si lipo tanuri la zamani la kuchomea matumbawe? Nyamaza, usinishukuru. Hizi fomu mia nne sizikatai, sikiliza vizuri. Wananchi wamehangaika vya kutosha. Serikali itawachomea."

"Mzee, ile ripoti..."

"Ripoti ina kasoro?"

Aliweka kalamu chini akanisubiri. Nami nikasimama mbele ya meza ile na majibu mawili mdomoni. Nikisema ina kasoro, watauliza basi namba themanini na nane iko wapi, watamfukua Vuai na kumrudisha bandani, na Bi Somoe watamtoa edani wamtie ndani, na Maalim Kheri, na safu nzima. Nikisema haina kasoro, mia tatu na kumi na wawili wataingia tanurini. Nilisema mia tatu na kumi na wawili? Mizizi, nilikusudia kusema mizizi. La. Nilikusudia kusema watu.

"Haina kasoro, mzee," nikamwambia.

Najiambia kwamba ningesema vingine wangewachoma tu, na Vuai juu yao. Najiambia hivyo kila siku, asubuhi nikipiga mswaki, na sijawahi kujishawishi.

*

Tanuri liliwaka siku tatu. Upepo wa bahari ulileta ule moshi mjini, na watu wakafunga madirisha, kisha mmoja mmoja wakayafungua tena. Wakaletwa wapakaji hamsini wenye ndoo na brashi za makumbi. Majivu yenyewe hayakutosha, yakachanganywa na chokaa kidogo ya magendo, lakini Mkurugenzi alisisitiza kuwa sehemu kubwa ni bidhaa ya ndani. Miti elfu tatu ikavaa nyeupe toka chini mpaka kiunoni, mistari imenyooka, na lazima nikiri mbele yenu kwamba ilipendeza. Hilo ndilo linaloniudhi kuliko yote. Ilipendeza.

Marais walikuja, tisa wazima na mmoja wa kwenye kiti cha magurudumu. Chemchemi ikarusha maji kwa midomo kumi na sita. Rais wetu alisimama jukwaani, kitambaa kifuani, akaunyoosha mkono kuelekea kwenye miti.

"Waheshimiwa," alisema, "mnauona weupe huu? Haukuagizwa nje! Umetoka katika ardhi yetu wenyewe, kwa mikono yetu wenyewe. Baba yangu aliweka msingi, na mimi, kwa unyenyekevu, nimepaka rangi."

Walimshangilia wakasimama. Rais mmoja wa jirani alikuwa na kikohozi, akauliza kama anaweza kupewa gunia mbili tatu za chokaa ile akajaribu kwake. Akaahidiwa.

Kesho yake geti likafunguliwa kwa wananchi, bure, kwa mara ya kwanza tangu ile miaka ya kusahau. Wanawake wa foleni yangu walikuja wote. Hawakwenda kwenye chemchemi, hawakukalia viti. Walitembea taratibu baina ya mistari, kila mmoja akachagua mti, bila kujua kwa nini ule na si mwingine, wakaweka viganja. Mlinzi alipuliza filimbi mpaka akachoka, akiwaambia wasiguse, rangi bado mbichi. Walitoka na mikono myeupe, na sikumwona hata mmoja akiifuta.

Alhamisi nikaandikiwa barua. Kwa kuwa mahitaji ya kuni yamekwisha kutimizwa, fomu mia nne na sita ziteketezwe kabla ya Ijumaa, na Karani athibitishe kwa maandishi.

*

Nilizitia kwenye mfuko wa mchele nikaenda nazo Forodha ya Chini. Sikuwa na mpango wowote. Nilijua tu kwamba siwezi kuandika ripoti nyingine ya moto.

Bi Somoe alikuwa nyuma ya pazia. Nikakaa ukumbini juu ya mkeka, nikamweleza yote kupitia lile pazia, sikubakiza: masharti niliyoacha kumsomea, majivu ya wali, sifa zangu tatu, na lile swali la Mkurugenzi.

"Ulimjibuje?" aliuliza.

"Nilimwambia haina kasoro."

Nilisikia sindano yake imesimama. Sikuomba msamaha, maana ningeuomba kwa niaba ya nani? Naye hakunipa.

"Wangu nimemzika," alisema mwisho, na sauti yake ilikuwa imechoka sana. "Nimemzika, na wa wenzangu ndio waliolipa. Hilo utanisaidia kulibeba, usidhani utalitua hapa ukaenda zako. Kesho baada ya swala waite wote wenye hizo karatasi. Uje uzisome."

Walikuja. Walijaa ukumbini, uani, kichochoroni, mpaka nje kwenye duka la mkaa lililofungwa. Nilisimama kizingitini pa ukumbi ili sauti ifike pande zote mbili, nikatoa fomu ya kwanza. Wengi walijaziwa na wajukuu zao, kwa kalamu za shule.

"Aina ya mti: Faki Hamdu. Umri wa mti: ishirini na miwili. Alama za kuutambua: alikuwa anapiga mluzi akioga. Nani aliyeupanda: mimi, nilimzaa Jumanne ya mvua kubwa."

Mkono mweupe ukainuka kule uani. "Wangu huyo."

Maalim Kheri akamwombea, watu wakaitikia, nikatoa ya pili. Aina ya mti: Mwalimu Sharifu. Alama: mikono ya chaki. "Wangu huyo." Aina ya mti: hatukuwahi kumpa jina, mama yake alichukuliwa ana mimba ya miezi minane. "Wangu huyo, wangu hao." Niliendelea hivyo, sauti ikaniishia, nikaletewa maji, nikaendelea. Kichochoroni alikuwa amesimama mtu wa usalama, namjua, tulisoma pamoja. Anaandika. Na aandike.

Ilikuwa kwenye fomu ya mia mbili na tisa. Nikasoma: "Aina ya mti: Ngwali Shomari. Umri: kumi na tisa. Alama: kidole kimoja cha mguu kimepanda kingine. Nani aliyeupanda: dada yake, wazazi hatukuwa nao."

Hakuna aliyejibu. Nikarudia kwa sauti zaidi. Watu wakageukiana. Mwanamke mmoja uani akasema kwamba yule dada alifariki siku ya pili ya tanuri, na alikuwa hana mtu mwingine.

Nikabaki nimeishika ile karatasi. Sikujua niiweke wapi, upande wa zilizosomwa au mfukoni.

Pazia likasogea kidogo, na mkono wa Bi Somoe ukatokea, umeinuka.

"Wangu huyo," akasema. "Endelea."